Makosa Yawekwe Mezani

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1875, wageni waliopanda ngazi za Burlington House, London, kuhudhuria tafrija ya Royal Society, chama cha wanasayansi, walikuta mezani, kati ya vitu vingi vilivyopangwa humo, tufe dogo la kioo lililonyonywa hewa karibu yote. Ndani yake, juu ya ncha ya sindano, vilikaa vibapa vinne vyepesi, kila kimoja kimepakwa masizi upande mmoja na kuachwa cheupe upande wa pili. Mshumaa ukisogezwa, vibapa vinaanza kuzunguka, ukisogezwa zaidi, vinaongeza kasi, ukiondolewa, vinasimama. Hapakuwa na waya, wala upepo, wala mkono wa mtu. Mwenye meza alikuwa William Crookes, mkemia aliyejipatia jina mwaka 1861 kwa kugundua elementi ya thaliamu. Kifaa hicho, radiometa, kilitokana na taabu aliyoipata akipima thaliamu ndani ya ombwe kwa mizani iliyokataa kutulia kila ilipokaribiwa na joto. Wakati huo Crookes alielekea kuamini kwamba kinachosukuma vibapa ni mwanga wenyewe. Hapo alikosea.

Kisa hiki kinaweza kusimuliwa kama aibu ya wasomi. Mimi nakiona kuwa utetezi mzuri kuliko wote wa maonyesho ya namna hii, yaani jioni ambapo chama cha wanasayansi kinafungua ukumbi wake, watafiti wanasimama nyuma ya meza zao na kazi ambazo bado hazijaisha, na wageni wanapita wakitazama na kuuliza. Kwa kawaida maonyesho haya hutetewa kwa hoja dhaifu: kwamba yanaelimisha umma, yanavutia vijana kusoma sayansi, yanawashukuru wafadhili. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini kitabu kizuri kinaelimisha zaidi, na barua ya heshima inatosha kumshukuru mfadhili. Kazi ambayo jioni hiyo inaifanya na ambayo kitabu hakiwezi ni kulitoa wazo nje ya maabara kabla halijaganda, likaonekane na watu ambao hawana sababu ya kulionea haya. Wazo lenye kosa likionyeshwa mapema, kosa lake halina maisha marefu.

Tazama mambo yalivyokwenda kwa radiometa. Kama mwanga ndio unaosukuma, upande mweupe unaourudisha mwanga ulipaswa kusukumwa kwa nguvu kuliko upande mweusi unaoumeza. Vibapa vilikuwa vikifanya kinyume: upande wenye masizi ndio uliokimbia mshumaa. Mtu yeyote mwenye subira na macho mawili aliweza kuliona hilo, na kwa kuwa kifaa chenyewe kilikuwa rahisi kutengenezwa, kilienea upesi hadi kwenye maabara nyingine na hata madirisha ya maduka. Mwaka 1876 Arthur Schuster alifanya jambo la kijanja. Badala ya kuviangalia vibapa, alilining'iniza tufe lenyewe ili nalo liwe huru kuzunguka, akaona kwamba vibapa vikienda huku, kioo kinakwenda kule. Msukumo ungekuwa umetoka nje pamoja na mwanga, kioo kisingekuwa na sababu ya kurudi nyuma. Kwa hiyo ulitoka ndani, kwenye hewa kidogo iliyosalia. Mwaka 1879 Osborne Reynolds na James Clerk Maxwell walikwisha kueleza jinsi hewa hiyo inavyotambaa kwenye kingo za vibapa kutoka penye baridi kwenda penye joto. Kutoka tafrija hadi maelezo ya kuaminika ilipita miaka minne tu. Naye Crookes hakuzikwa na kosa lake. Aliendelea na majaribio ya ombwe, na ni mirija ya jamii hiyo ambayo Wilhelm Röntgen alikuwa akiichezea mwaka 1895 alipokutana na eksirei.

Sasa linganisha na jambo lililoanzia katika jengo hilohilo, maana Burlington House ilikuwa pia makao ya chama cha wanajiolojia. Tarehe 18 Desemba 1912, mwanasheria Charles Dawson na mtaalamu wa makumbusho Arthur Smith Woodward waliutangazia ukumbi uliojaa pomoni kwamba huko Piltdown, kusini mwa Uingereza, wamepata mabaki ya binadamu wa kale: fuvu kubwa kama la mtu wa leo, taya kama la sokwe. Waingereza walifurahi. Babu wa wanadamu alikuwa na akili nyingi, tena alikuwa jirani yao. Kilichofuata ndicho kinachonihusu hapa. Mifupa ilifungiwa makumbusho, na watafiti waliokuja kuichunguza walipewa nakala za plasta. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, alieleza baadaye kwamba alionyeshwa mifupa halisi kwa muda mfupi, kisha ikarudishwa kabatini na yeye akaachiwa plasta aifanyie kazi. Plasta haina rangi ya kupakwa inayoweza kukwanguliwa, wala haionyeshi vizuri mikwaruzo midogo ya tupa kwenye meno. Mwaka 1953 Joseph Weiner, Wilfrid Le Gros Clark na Kenneth Oakley walipoishika mifupa yenyewe, wakaipima kemikali zake na kuitia chini ya hadubini, walikuta fuvu la binadamu wa kawaida na taya la orangutani lililopakwa rangi, meno yake yamesuguliwa kwa tupa. Ulaghai huo uliishi miaka 41.

Msomaji makini ataniuliza: si Piltdown nayo ilizinduliwa mbele ya hadhara? Ilizinduliwa, na hapo ndipo penye tofauti ninayoitafuta. Uzinduzi ni hotuba, na anayezindua ndiye anayeamua watu watazame nini na kwa muda gani. Meza ya maonyesho, ikiwekwa kwa haki, humruhusu mgeni kuzunguka upande wa pili, kuinama, kusogeza mshumaa kule mwenye meza hakutarajia. Kitu kikiwekwa nyuma ya kioo kisichofunguliwa, chenye kibao na bila mtu wa kuulizwa, hapo hapana maonyesho ya utafiti hata kama wageni wanapita kwa maelfu. Ushahidi mzuri wa hili ni wa mwaka 1925. Raymond Dart alikuwa ametangaza kutoka Johannesburg fuvu la mtoto wa Taung, lenye ubongo mdogo na meno yanayokaribia ya binadamu, kinyume kabisa cha Piltdown. Nakala zake zikapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya dola ya Uingereza huko Wembley. Arthur Keith, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mifupa London, alilalamika kwa maandishi kwamba wanasayansi wanalazimika kwenda kuchungulia kwenye sanduku la kioo pamoja na watazamaji wa kawaida. Ajabu ni kwamba Keith huyohuyo alikuwa nguzo ya imani katika Piltdown na hakuona taabu kubwa wengine walipokabidhiwa plasta. Hata hivyo, katika lalamiko lake la Wembley alikuwa na haki. Kioo kilimzuia mwenye shaka kuithibitisha shaka yake, kikamzuia vilevile Dart kushinda. Afrika ikangoja miaka mingi kukubaliwa kuwa kitovu cha asili ya binadamu, na sehemu ya kungoja huko ilitokana na mifupa ya bandia iliyokuwa salama kabatini.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno yakichomoza ardhini katika bonde la Olduvai, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Fuvu hilo, lililounganishwa kutoka mamia ya vipande, Louis Leakey alilipa jina Zinjanthropus, na hakukaa nalo. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa nalo Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye kongamano la Afrika nzima la historia ya kale, akiwaonyesha wenzake. Aliwaambia kwamba huyu ndiye aliyetengeneza zana za mawe za Olduvai, na ni babu yetu wa moja kwa moja. Alikosea kama Crookes alivyokosea. Lakini fuvu lilikuwa wazi, akakabidhiwa Phillip Tobias alichambue kwa undani, na uchimbaji ukaendelea palepale. Kufikia 1964, Leakey mwenyewe pamoja na Tobias na John Napier walitangaza Homo habilis, wakamhamishia yeye sifa ya kutengeneza zana. Piltdown ilichukua miaka 41. Hili la Olduvai, mitano. Leakey hakuwa mnyenyekevu kuliko Smith Woodward. Wote waliomfahamu wangecheka kusikia hivyo. Alikuwa mtu wa kuonyesha tu, na tabia hiyo ilimwokoa na majigambo yake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kwamba jioni hizi ni sarakasi. Kinachoonyeshwa ni kile kinachong'aa; utafiti wa takwimu za lishe au wa udongo wa chumvi hauna cha kumulika, kwa hiyo unakosa meza. Pingamizi hili lina ukweli, na yeyote anayepanga maonyesho inafaa limkoseshe usingizi kidogo. Lakini mng'ao wenyewe si adui. Tarehe 15 Mei 1903 Crookes, sasa mzee wa miaka 70, alirudi kwenye tafrija ya Royal Society na kopo dogo la shaba lenye lenzi upande mmoja. Ndani yake kulikuwa na punje ndogo mno ya radiamu mbele ya kipande kilichopakwa salfaidi ya zinki. Ukiingia gizani, ukangoja macho yazoee, ukachungulia, unaona vimulimuli vinawaka na kuzimika bila kukoma, kila kimoja ni alama ya chembe moja iliyorushwa na atomu moja. Watu wa London walikinunua kama pambo la sebuleni. Miaka michache baadaye, mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walikuwa wakikaa gizani wakihesabu vimulimuli vya aina hiyohiyo, kimoja baada ya kingine, wakagundua kwamba baadhi ya chembe zinarudi nyuma zikigonga bati jembamba la dhahabu. Kutokana na hesabu hiyo, mwaka 1911 Ernest Rutherford aliweza kusema kwamba atomu ina kiini. Kilichokuwa burudani ya jioni kiligeuka kuwa kipimo.

Pingamizi zito zaidi linasema: mtu wa kawaida hawezi kukamata kosa la mtaalamu, basi kumkaribisha ni kupoteza muda wa wote wawili. Walioirekebisha radiometa walikuwa Schuster, Reynolds na Maxwell, na sidhani kama duka la mishumaa lilichangia. Nakubali. Lakini ndani ya ukumbi kama ule, karibu kila mtu ni wa kawaida kwenye meza nyingi. Mtaalamu wa nyota hajui kitu mbele ya meza ya minyoo. Akiuliza swali la kitoto, mwenye minyoo hawezi kumjibu kwa istilahi za idara yake. Inambidi arudi kwenye jambo lenyewe, na mara nyingi ndipo anapogundua kwamba kuna hatua moja aliyokuwa akiiruka. Tena maswali ya kitoto yana historia nzuri Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friji maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alilirudia swali mbele ya Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden waliyapima upya majaribio hayo na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea, wakionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Wengine bado wanabisha. Swali la mvulana wa aiskrimu limewapa wataalamu kazi ya nusu karne, na lingekufa Magamba kama asingepata mtu mzima wa kumuuliza ana kwa ana.

Lipo pia pingamizi la mlango, kwamba jioni hizi ni za wakubwa. Kwa muda mrefu zilikuwa hivyo. Royal Society iliyoanza Novemba 1660, ambayo wito wake ni kutokubali neno la mtu yeyote bila kulithibitisha, ilikaa hadi 1945 bila mwanachama hata mmoja mwanamke. Karne ya kumi na tisa ilipokuwa inakwisha, ilikuwa na tafrija mbili kwa mwaka, moja ya wanaume na nyingine ambayo wanawake waliruhusiwa kuhudhuria. Lakini angalia kilichotokea kwenye hiyo ya pili mwaka 1899. Hertha Ayrton alisimama nyuma ya tao la umeme linalowaka kwa ukali, taa ya kaboni ya barabarani ambayo ilikuwa na tabia ya kufoka na kupiga miluzi, akawaonyesha wageni chanzo cha miluzi hiyo: oksijeni inayogusa kaboni iliyochimbika kwenye ncha. Magazeti yalishangaa kwamba kifaa cha kutisha kuliko vyote ukumbini kinasimamiwa na mwanamke asiye na hofu. Mwaka 1902 jina lake lilipendekezwa kwenye uanachama, likakataliwa kwa kisingizio cha kisheria kwamba ni mke wa mtu. Mwaka 1904 alisoma utafiti wake mwenyewe mbele ya chama, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na 1906 chama hichohicho kikamtunuku nishani ya Hughes. Meza haikumfungulia mlango wa uanachama. Ilichofanya ni kuwanyima waliomkataa nafasi ya kujifanya hawajaona kazi yake. Leo maonyesho ya kiangazi ya chama hicho, mwanzoni mwa Julai, yanaingiwa bure na mtoto au mzee yeyote, ingawa baadhi ya jioni bado ni za kadi ya mwaliko.

Kwetu tuna maonyesho mengi. Sabasaba inajaza viwanja vya Dar es Salaam kila Julai, Nanenane inafuata Agosti, na kila taasisi ya utafiti ina banda, bango na vipeperushi. Kinachokosekana si watazamaji. Kinachokosekana ni kazi ambayo haijaisha. Bandani inawekwa mbegu iliyokwisha kuidhinishwa, na mtafiti anasimama wima akimsubiri mgeni rasmi apite, amsikilize kwa dakika mbili, aulize bei, apigwe picha, aondoke na msafara. Mwananchi anayefuata nyuma anapewa kipeperushi. Wanaofanya jambo lililo karibu zaidi na jioni za Burlington House ni wanafunzi wa sekondari kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania na ndugu zao wa Kenya: wanasimama na mradi wao, wanahojiwa na majaji na wapita njia, na jibu la "hatujui bado" linakubalika. Inashangaza kwamba tunawadai watoto wa kidato cha tatu ujasiri ambao hatuwadai maprofesa wao. Profesa anaandika kwa Kiingereza, anasoma kwenye kongamano hotelini mbele ya maprofesa, na swali la mkulima wa Kilosa halimfikii.

Chukua panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO, likiwa na makao Chuo Kikuu cha Sokoine, limewafundisha kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anatembea ndani ya kizimba kirefu chenye matundu sakafuni, chini ya kila tundu kuna sampuli. Anapita haraka, kisha kwenye moja anaiweka pua na kubaki hapo kama sekunde tatu. Ndani ya dakika ishirini anaweza kumaliza sampuli mia. Kitu hiki kikiwekwa ukumbini jioni moja, mama lishe atauliza papo hapo lile ambalo kipeperushi kimelikwepa: anakosea mara ngapi, na mgonjwa aliyerukwa anafanyaje? Jibu lipo, kwamba sampuli anazozionyesha hukaguliwa tena maabara, lakini jibu hilo linafungua swali la pili na la tatu, na la tatu huenda bado linatafutiwa jibu. Mtafiti akisema hivyo wazi, msikilizaji amejifunza jinsi ushahidi unavyokusanywa, jambo ambalo litamfaa siku atakapouziwa dawa ya kienyeji mtandaoni.

Watafiti wenyewe wana woga wao, na si wa kupuuzwa. Wengine wanaogopa umma utashika nusu ya habari na kuieneza kama habari kamili. Hilo hutokea, lakini nusu ya habari husambaa zaidi pale ambapo aliyeifanya kazi hayupo kuulizwa. Wengine wanaogopa kuibiwa wazo. Kwa hao, kusimama mbele ya watu mia mbili na tarehe kwenye kadi ni ushahidi mzuri kuliko daftari lililofungiwa droo. Wenye hoja ya kweli ni wale wa uvumbuzi wa kibiashara, kwa sababu katika nchi nyingi kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, upya wake mbele ya sheria unaweza kuhesabiwa kuwa umekwisha. Hao wasilazimishwe. Alasiri kabla milango haijafunguliwa, afisa wa hataza apite meza kwa meza, na kinachohitaji kusubiri kibaki sandukuni hadi maombi yawasilishwe. Panya buku hana tatizo hilo, wala wapima udongo, wala wengi wa wanaopima lishe, maji na mbu, ambao ndio wengi katika taasisi zetu.